Mwanafunzi Atapumua Lini?

Ukisafiri kabla ya mapambazuko katika barabara itokayo mjini Embu ikapitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi kufika Meru, utaziona shule za bweni kabla hujaziona nyumba za wenyeji. Nyumba bado zi gizani; shule zinawaka taa. Ni saa kumi na moja alfajiri, na pengine haijatimu. Watoto wamekwisha kuamshwa, wamekwisha kunawa maji baridi ya mlimani, nao wameinamia vitabu. Usiku uliotangulia walilala saa nne au saa tano, na jioni watarudi kuinama pale pale. Hali hii imezoeleka kiasi cha kwamba mzazi akisikia kuwa shule fulani huwaacha wanafunzi walale hadi saa kumi na mbili, huanza kuitilia shaka bidii ya walimu wake.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya namna wanafunzi wetu wanavyosoma. Machache mno yameandikwa juu ya namna wanavyopumzika. Nami naona kuwa swali hili la pili ndilo linaloweza kutueleza kwa nini vijana wengi hutufikia vyuoni wakiwa na alama nzuri na macho yaliyochoka. Kwa nini wengine huacha kusoma kabisa mara tu kengele inapokoma kuwaamuru. Na kwa nini katika wilaya zetu hizi za Meru na Embu, ambazo leo tunaziita kaunti, jani la kutafunwa limegeuka kuwa kitabu cha ziada mfukoni mwa mwanafunzi.

Mimi ni mtu wa lugha, na kwa hivyo nitaanza na maneno. Kiswahili kina hekima yake katika jambo hili. Neno *kupumzika* ni ndugu wa *pumzi* na *kupumua*. Anayepumzika ni yule anayepata pumzi tena. Neno *burudani* nalo lina asili yake katika ubaridi; anayeburudika ni aliyepoa baada ya kupata moto. Katika maneno yote mawili hamna uvivu hata kidogo. Mna mwili uliofanya kazi, ukahema, ukapata joto, kisha ukapewa nafasi ya kurejea katika hali yake.

Lakini sikiliza lugha ya shuleni. Mwalimu amwambiapo mwanafunzi kwamba anafanya mchezo, hamsifu. Mchezo kwetu umekuwa jina la upuuzi. Wanafunzi wenyewe wamejitungia msamiati wao. Kusoma kwa ajili ya mtihani wanakuita *kumeza*, na kuyaandika yaliyomezwa wanakuita *kutapika* au *kutema*. Anayekesha akisoma hadi alfajiri amepiga *transi*. Msamiati huu watupa picha ya mtu anayelishwa kwa nguvu, si ya mtu anayekula kwa hamu. Lugha haisemi uongo kwa urahisi. Jamii inapokosa neno zuri la kutaja mapumziko ya mtoto, yafaa tujiulize iwapo imewahi kumpa mapumziko hayo.

Basi wanafunzi wetu hupumua vipi? Tuanze na yaliyo mema, kwa sababu ni mengi kuliko tunavyokiri. Msichana wa bweni husukwa nywele na mwenzake Jumamosi alasiri, na katika kusukana huko husimuliana habari ambazo hakuna mshauri nasaha atakayewahi kuzisikia. Riwaya moja iliyokwisha kupoteza jalada hupita mikono ishirini. Wavulana hucheza kandanda kwa mpira wa matambara na karatasi za nailoni. Wapo waimbao katika kwaya, wapo wanaosali, wapo wanaokaa tu juu ya nyasi wakiutazama mlima. Mwanafunzi wa shule ya kutwa, ambaye mara nyingi tunamsahau, hufika nyumbani akachuma majani chai, akakata nyasi za ng'ombe, kisha akapata nusu saa ya kusimama kwenye kituo cha bodaboda akisikiliza mizaha ya wakubwa wake. Haya yote ni mapumziko ya kweli, nayo hayana gharama. Kasoro yao ni moja: huibwa. Mwanafunzi huyapata kwa kunyakua dakika kumi hapa na dakika ishirini pale, akiwa na hofu ya kuonekana na mwalimu wa zamu.

Mahali ambapo mapumziko huibwa, haichukui muda kabla ya kuja mapumziko yauzwayo. Hapo ndipo lazima tuitaje miraa.

Najua kwamba nagusa riziki ya watu. Miraa ya Igembe na Tigania imejenga nyumba, imelipa karo, na imewasomesha madaktari na mawakili wanaoheshimika. Muguka wa Mbeere, huko Embu, umefanya vivyo hivyo katika nchi kavu isiyokubali chai wala kahawa. Tanzania, ambako mmea huu huitwa mirungi, sheria imeupiga marufuku. Uingereza nayo iliupiga marufuku mwaka 2014, na wakulima wa Meru wakaumia sana. Mei 2024 serikali za kaunti za Pwani, Mombasa ikiwamo, zilipojaribu kuuzuia muguka usiingie kwao, viongozi wa Embu walipaza sauti, Rais akatangaza kwamba marufuku hayo hayakuwa na nguvu, na suala likafika mahakamani. Sikusudii kuurudia ugomvi ule. Nataka kusema tu kwamba katika kelele zile zote tulizungumza juu ya mkulima wa Embu na kijana wa Mombasa. Kijana wa Embu na kijana wa Meru, ambao hulala umbali wa kutupa jiwe kutoka shambani, hatukuwataja sana.

Kijana huyo hahitaji kutafuta mbali. Katika jani bichi mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huamsha mwili na kuuchangamsha kwa namna inayofanana na ile ya dawa za jamii ya amfetamini. Kemikali hiyo huanza kupungua nguvu mara jani linapochumwa, na baada ya siku mbili hivi huwa imefifia sana. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa Nairobi kwa magari yasiyojua breki. Wa Nairobi hupata jani lililokwisha kusafiri. Wa Maua na Laare hulipata likiwa na nguvu zake zote. Muguka nao huuzwa kwa bei nafuu, hutafunwa pamoja na njugu au chingamu, na mfuko wake mdogo huingia kwa urahisi ndani ya soksi.

Mwanafunzi hulitafuna jani hili kwa sababu mbili zinazopingana, na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kwanza hulitafuna ili akeshe na kusoma. Pili hulitafuna ili asahau kwamba amekesha na kusoma. Usiku wa Jumatano ni dawa ya mtihani. Alasiri ya Jumamosi ni starehe pamoja na marafiki. Raha ile wenyewe huiita *handasi*, au *stimu*, neno ambalo katika masikio ya Mkenya yeyote linavuma kama *stima*. Na kwa kweli ni umeme wa kukopa. Jani halimpi mtu nguvu mpya. Humzuia tu asiusikie uchovu alio nao. Hamu ya chakula hupotea, usingizi hukataa kuja hata unapoitwa, na kesho yake mwili hudai deni lake lote pamoja na riba. Huyo hakupumzika. Ameahirisha kupumzika, na aliyeahirisha leo ataahirisha na kesho.

Huko vyuoni, tulipo sisi, jani limepata wenzake. Simu ya mkononi yampa kijana filamu fupi fupi zisizokwisha hadi saa nane za usiku. Kamari ya mpira yamwahidi kwamba fedha za mkopo wa masomo zitazaa nyingine kabla ya Jumatatu. Pombe ya bei nafuu ipo nje ya lango. Mwanafunzi akitoka katika mambo haya huwa amechoka kuliko alivyoingia. Wazee wetu huwaona vijana hawa wakadai kwamba wamezidiwa na anasa. Mimi naona kinyume chake. Hawa ni watu ambao kwa miaka minne ya sekondari hawakufundishwa kupumzika hata siku moja, na sasa wanajifundisha wenyewe gizani.

Na wapo ambao hawangoji kufika chuoni. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini Kenya zilichomwa moto katika muhula wa pili, muhula wa mitihani ya majaribio. Mtafiti Elizabeth Cooper, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu mioto hiyo mwaka 2022, amehoji kwamba wanafunzi hawawashi moto kwa wazimu; wamejifunza kwamba moto ndiyo lugha inayosikilizwa haraka. Sitetei hata kidogo anayehatarisha maisha ya wenzake. Katika Shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni lililochomwa, na hakuna malalamiko yanayolingana na roho 67. Lakini mwalimu mwenye busara hujiuliza ni malalamiko gani yaliyotangulia moto, na mara nyingi hukuta humo uchovu, likizo iliyokatwa, na usiku usiokuwa na usingizi.

Yawezekana msomaji atadhani kwamba naomba sheria mpya itungwe. La, hasha. Sheria ipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Kanuni zilizotolewa mwaka 2015 zinasema wazi kwamba masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri. Kwamba kutoka hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo na shughuli nyinginezo nje ya darasa. Na kwamba mwanafunzi wa bweni apewe nafasi ya kulala kutoka saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu mwenyewe: ni saa nane na nusu za usingizi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipotoa mwongozo wao mwaka 2016 walisema kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa nane hadi kumi. Waliotunga kanuni zetu hawakukosea. Tuliokosea ni sisi tuliozifungia kabatini na kuandika ratiba nyingine ukutani.

Hapo mzazi atanijibu, nami jibu lake naliheshimu. Atasema: “Wewe umekwisha kupanda ngazi, sasa wataka kuwaambia watoto wetu wapande polepole. Mtoto wa tajiri wa Nairobi akifeli, baba yake atamtafutia njia nyingine. Mtoto wangu wa Mbeere au wa Tharaka ana karatasi moja tu ya kumtoa kwenye ukame. Asipokesha yeye, nani atakesha kwa ajili yake?” Hili si neno dogo. Ndilo lililonikesha mimi pia katika miaka ya tisini, nilipokuwa mwanafunzi wa mfumo wa 8-4-4, na siwezi kulicheka.

Lakini mzazi huyu amedhani jambo moja ambalo halijathibitika: kwamba saa ya kukesha ni saa ya kujifunza. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyosambazwa katika siku kadhaa huhifadhi mambo kichwani vizuri kuliko marudio yale yale yakirundikwa mara moja. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, waliwapa wanafunzi wawili silabi za namna hiyo wazikariri. Waliolala baada ya kukariri walikuwa ni wale wale waliobaki macho siku nyingine, na kila walipolala walikumbuka zaidi. Uchunguzi wa miaka mia moja iliyofuata umezidi kuonyesha kwamba ubongo hauachi kazi wakati wa usingizi. Hupanga na kuimarisha yale uliyoyapokea mchana. Mtoto anayenyimwa usingizi ili asome ni kama mkulima anayevuna usiku na mchana bila kupata nafasi ya kuyatia mavuno ghalani. Mvua ikinyesha, hubaki mikono mitupu.

Kwa hivyo mtoto wa maskini ndiye anayehitaji usingizi zaidi, kwa kuwa ndiye asiyeweza kumudu saa iliyopotea. Na ndiye ambaye jani la miraa litamgharimu zaidi, kwa kuwa akizoea kutafuna na kisha akavutwa na fedha za kuchuma, hatarudi darasani. Yeyote aliyefundisha Igembe amewaona wavulana waliokwenda kuchuma kwa wiki moja wakati wa likizo, na dawati likabaki tupu muhula mzima.

Aidha, tusisahau kwamba burudani yenyewe inaweza kuwa shule. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na vizazi kwa vizazi vya wanafunzi vimejifunza humo kushika mdundo, kusimama mbele ya watu na kuzipenda lugha zao. Mwaka 2024 Embu ilikuwa mwenyeji wa tamasha la kitaifa la drama, na mji ukajaa vijana waliovaa maleba badala ya sare. Kwangu mimi mwanaisimu, hapana darasa la lugha lipitalo jukwaa. Mwanafunzi aliyetafuta neno la Kimeru au la Kiembu la kumfaa mhusika wake amefanya kazi ambayo hataifanya kwa kujibu maswali ya kuchagua. Ngoma za Chuka, vitendawili vya usiku, mashairi ya kukariri kwa sauti: haya yalikuwa mapumziko ya wazee wetu baada ya jembe, na yalikuwa pia maktaba yao.

Hata hivyo, hapa pia tumeingiza mkono wetu mzito. Katika shule nyingi mwanafunzi wa kidato cha nne huondolewa katika timu na katika kwaya ili asome. Anayebaki katika timu hufundishwa kushinda tu, hata mazoezi yakawa adhabu nyingine. Mchezo usiokuwa na ruhusa ya kushindwa si mchezo tena. Ni mtihani wa miguu.

Sasa tumo katika kipindi cha mageuzi. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi limeingia sekondari ya juu, Gredi ya 10, mwaka 2026, na mojawapo ya njia tatu zilizowekwa mbele ya wanafunzi hao ni ya sanaa na michezo. Kwenye karatasi, mchezo umepandishwa cheo. Lakini mtaala haulali bwenini wala haupigi kengele. Tukiwaamsha watoto wa mtaala mpya saa kumi za usiku, tutakuwa tumebadilisha jina la kitabu na kubakiza desturi ile ile.

Ninapendekeza mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wa shule bila kungoja senti moja kutoka Nairobi. La kwanza, mwalimu mkuu aibandike ratiba ya kanuni za 2015 mahali ambapo wazazi wataiona siku ya mkutano, na kamati ya wazazi iulize kwa nini haifuatwi badala ya kuuliza kwa nini haizidishwi. La pili, ile saa na robo ya alasiri irudishwe kwa wanafunzi, kidato cha nne wakiwamo, na mwalimu asiigeuze kuwa darasa la kufidia. Asiyependa mpira aachwe asome riwaya, asukwe nywele, au aketi chini ya mti bila kuulizwa anafanya nini. La tatu, tuzungumze na wanafunzi juu ya miraa na muguka kwa ukweli, tukieleza namna jani linavyofanya kazi mwilini. Mtoto wa mkulima wa miraa akiambiwa kwamba jani hilo ni la shetani, atajua kwamba mwalimu anaitukana karo iliyomleta shuleni, na hatasikia neno la pili.

Kwenu ninyi wanafunzi nina neno moja. Yapimeni mapumziko yenu kwa kipimo rahisi: ukimaliza, je, waweza kuvuta pumzi na kurudi kazini? Ikiwa umeimba, umecheza, umelala, umecheka na mwenzio, jibu utalipata kifuani mwako. Ikiwa umetafuna hadi alfajiri au umeitazama simu hadi macho yakawasha, jibu utalipata pia.

Na kwenu walimu wenzangu, ambao nanyi mmechoka, kwani taa ya darasani saa kumi na moja alfajiri ina mwalimu chini yake: saa tutakazowarudishia watoto tutakuwa tumejirudishia na sisi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Muhula huu mpya, izimeni taa moja saa tatu na nusu usiku, mtazame matokeo baada ya miezi mitatu.